Madaraka yasiyo na mpaka, kama yalivyoonekana mpakani

Katika mazishi niliyoyahudhuria nyumbani Adungosi hivi karibuni, msimamizi wa shughuli alichukua muda mrefu kumtambulisha mgeni wa heshima kuliko muda aliouchukua mhubiri kumwombea marehemu. Mgeni mwenyewe hakuwa gavana wala mbunge. Ni mwanasiasa wa kadiri tu anayetarajia kupanda. Hata hivyo aliitwa mheshimiwa, akaitwa kiongozi wetu, mfadhili, mtetezi, baba, simba wa mpakani, na hatimaye akaitwa "mwenyewe", kana kwamba sisi wengine tuliokuwa pale tulikuwa wapangaji. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza lugha, nilijikuta nikivihesabu vyeo hivyo. Nilipofika 11 niliacha.

Vyeo havikunikasirisha. Kilichonishughulisha ni hotuba iliyofuata. Mgeni alisema kwamba miaka 5 ni michache mno kwa kiongozi. Kwamba mwembe haukatwi mwaka unapoanza kuzaa. Na kwamba Wakenya tumejifunga kamba wenyewe kwa kuweka vikomo vya uongozi ambavyo havimtofautishi mzuri na mbaya. Waombolezaji walipiga makofi. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu alipiga makofi pia, kisha akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu anataka nini?"

Hoja ya mwembe si mpya wala si ya Adungosi peke yake. Mnamo 2024 mswada uliletwa katika Seneti ukipendekeza muhula wa rais, wa magavana na wa wabunge urefushwe kutoka miaka 5 hadi 7. Wananchi waliupinga kwa maelfu ya barua, nao haukufika mbali. Lakini hoja haifi kwa sababu mswada umekufa. Ina mvuto wake, na si kila anayeitoa ni mtu mbaya. Ndiyo sababu nataka kuijibu kwa makini, tena kuijibu nikiwa hapa mpakani, ambako majibu yake yamekuwa yakipita barabarani mbele ya macho yetu kwa zaidi ya miaka 50.

Mjadala huu unapozuka, wasomi hukimbilia kauli ya Lord Acton, mwanahistoria Mwingereza, aliyoiandika mwaka 1887 katika barua kwa Mandell Creighton, mwanahistoria mwenzake aliyekuja kuwa askofu. Wengi huinukuu vibaya. Hudai Acton alisema kwamba madaraka humfisidi mtu. Hakusema hivyo. Alisema kwamba madaraka huelekea kumfisidi, na ni madaraka kamili tu aliyoyatolea hukumu pasipo neno la tahadhari. Kitenzi hicho kimoja, "huelekea", ndicho kilichobeba hoja nzima, na ndicho kinachodondoshwa kila mara. Mtu mwenye madaraka yaliyowekewa mpaka yumo hatarini, lakini aweza kuokoka. Mwenye madaraka yasiyo na mpaka hana pa kuponea, hata akiwa mwema.

Wahenga wetu walikuwa wamekwisha kulisema jambo hilo kwa njia fupi zaidi: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Msomaji aitazame methali hiyo kama sarufi inavyoitazama. Haisemi kwamba mgema ni mbaya. Inasema akisifiwa, katika kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa ina tabia ya kumficha mtenda. Nani aliyemsifu? Ni sisi wanywaji.

Sisi wa Adungosi tumejaliwa kuutazama utawala tukiwa kizingitini. Barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba ndiyo barabara yetu, na Uganda ni jirani tunayemsikia akikohoa. Hadi mwaka 1902 hapa petu palikuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliumega mkoa wa mashariki wa himaya ya Uganda, kuanzia huku kwetu hadi Naivasha, wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso wakagawanywa, ndugu wakawa raia wa nchi mbili pasipo yeyote kati yao kuhama hata hatua moja.

Mnamo Februari 1976 Idi Amin aliukumbuka mstari huo wa 1902. Alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, ilikuwa mali ya Uganda. Kwa tangazo hilo la redioni, baba yangu na ng'ombe wake walirudishwa Uganda. Serikali ya Mzee Kenyatta ikakataa katakata, shehena za Uganda zikakwama bandarini Mombasa, na baada ya muda si mrefu Amin akasema kwamba hakuwa na nia ya vita. Nimelitafakari sana tukio hilo. Kilichomrudisha nyuma Amin ni kwamba upande huu wa mpaka palikuwa na watu walioweza kumwambia la, na kesho yake wakaamka wangali hai. Ndani ya Uganda, kufikia wakati huo, watu wa namna hiyo walikuwa wamekwisha.

Tumezoea kumkumbuka Amin kama kichaa, au kama kichekesho. Huo ni uvivu. Alipotwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, watu wa Kampala walicheza ngoma barabarani. Alisema yeye ni askari, si mwanasiasa, na kwamba serikali yake ni ya muda tu. Aliwafungua wafungwa wa kisiasa waliokuwa gerezani chini ya Obote. Aliruhusu mwili wa Kabaka Mutesa urudishwe kutoka Uingereza ukazikwe nyumbani. Mmojawapo wa wafungwa aliowaachilia, Benedicto Kiwanuka, alimfanya Jaji Mkuu. Laiti mwanasiasa wetu wa mazishini angalikuwapo Kampala katika mwaka huo wa 1971, angaliuona mwembe unaochanua.

Lakini tayari Bunge lilikuwa limevunjwa, na uwezo wa kutunga sheria ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Mnamo Septemba 1972, mwaka mmoja na ushei tu tangu apewe cheo, Kiwanuka alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka katika jengo la Mahakama Kuu, mchana kweupe, wala hakuonekana tena. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba alifariki katika ajali ya barabarani. Pamoja naye walikufa mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Huyo wa pili alikuwa mtu wa Tororo, ng'ambo tu ya Malaba. Alikuwa amemtumikia Amin kwa miaka mingi katika wizara nyeti. Sisemi hivyo ili kumlaumu marehemu. Nasema kwa sababu wanaosaidia kuondoa mpaka hudhani kwamba wanauondoa kwa ajili ya watu wengine.

Vyeo navyo vikawa vinakua. Meja Jenerali wa 1971 alikuwa Fildimasha kufikia 1975, na Rais wa Maisha kufikia 1976. Alijitunukia udaktari wa sheria wa Makerere, na sisi tulioutolea jasho udaktari wetu tunaruhusiwa kutabasamu. Akajiita Mshindi wa Dola ya Uingereza. Mazishini nilihesabu 11. Simulizi za vyeo vya Amin zilihitaji pumzi mbili.

Kuna hasara nyingine ambayo wanahistoria huipita haraka, nami siwezi kuipita kwa sababu ni ya fani yangu. Mwaka 1973 Amin alitoa amri ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Mpenzi wa Kiswahili angepaswa kushangilia. Lakini Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na Waganda wengi walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki kizuizini usiku. Amri ikawa bure, na lugha ikabeba dhambi za waliokuwa wakiizungumza. Hadi leo nikizungumza Kiswahili katika baadhi ya nyumba za wazee upande ule, naona nyuso zikijifunga kabla ya kujikumbusha kwamba mimi ni mwalimu tu. Maneno ya Kiswahili ambayo zama hizo ziliyaeneza Uganda ni haya: magendo, kwa biashara iliyobaki baada ya biashara halali kuvunjika, na mafutamingi, kwa watu walionenepa kwa maduka ya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90. Kwa wazazi wetu, ubovu wa Kampala ulipimwa Busia na Malaba kwa idadi ya watu waliovuka kutafuta sabuni, chumvi na sukari.

Mkenya akisoma hayo asijione msafi.

Mwezi Juni 1982 Bunge letu, bila ya kushikiwa bunduki, lilikiingiza katika katiba kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali waliondolewa kinga ya kazi zao. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji. Tafsiri yake ni nyepesi: watu wote ambao kazi yao ilikuwa kumwambia rais la, sasa waliweza kufutwa na rais yule yule. Redioni tulimsikia kila siku, kila taarifa ya habari, kabla ya mafuriko na kabla ya ajali, akiwa "Mtukufu Rais". Utukufu, katika lugha ya watu wa dini, ni sifa ambayo haigawanywi.

Mnamo Septemba 1984 Rais Moi aliwataka mawaziri na kila mtu waimbe kama kasuku, wafuate wimbo wake kama yeye alivyoufuata wa Mzee Kenyatta. Hotuba hiyo imechekwa sana. Mimi naiona kuwa ya kusikitisha kuliko ya kuchekesha, kwa maana alikuwa akisema kweli. Alikuwa makamu wa rais tangu 1967 hadi 1978, na kwa miaka yote hiyo alijifunza kwamba usalama wa mtu ni kurudia la mkubwa. Alipokaa juu, alidai alichofundishwa. Kasuku hutoa sauti sahihi kabisa. Kasoro yake ni kwamba hawezi kukanusha. Ikulu ikijaa kasuku, mwenye Ikulu husikia sauti yake mwenyewe kutoka pande zote na kuidhania ya taifa.

Huko juu niliyajua kwa kusoma baadaye. Nililolijua mwenyewe lilikuwa la chini zaidi.

Mapema mwaka 1988 uteuzi wa wagombea wa KANU ulifanywa kwa mlolongo. Wapigakura walijipanga nyuma ya mgombea au nyuma ya picha yake, na aliyepita asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa. Kura ya siri haikufuata. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Tulipanda juu ya mti ulio kando ya uwanja tukaitazama mistari miwili. Hata mtoto aliweza kuona upi ulikuwa mrefu. Baba alikuwa katika ule mrefu. Jioni mwenye mstari mfupi alitangazwa mshindi, na watu wakarudi makwao kimyakimya, wakipita upande mmoja mmoja.

Siku chache baadaye chifu alikuja nyumbani. Jina lake na kata yake nayaacha. Alikuja na askari wawili wa utawala, akapita moja kwa moja hadi uani. Hakubisha hodi. Hodi ni neno dogo ambalo hata sisi tuzungumzao Kiteso nyumbani tumelizoea. Kwa neno hilo mtu mkubwa hukiri kwamba kibanda cha mtu mdogo kina mwenyewe. Mama alikuwa ameandaa ajon kwa ajili ya kufunga matanga ya babu, chungu kikubwa cha pombe ya wimbi ambacho wazee huketi wakikizunguka, kila mmoja na mrija wake. Chifu hakuuliza ni cha nini. Alikisukuma kwa mguu. Kisha akamwambia baba, mbele yetu watoto, kwamba watu wanaojua kusimama katika mistari mirefu wajifunze pia kukaa. Baba alikaa siku mbili katika selo ya kambi ya chifu. Hakupelekwa mahakamani, kwa kuwa hapakuwa na kosa.

Kwa miaka mingi nilimchukia mtu huyo kama mtu. Nilipokua na kusoma sheria iliyomweka, chuki yangu ilipungua, na mahali pake pakaingia kitu ambacho ni kizito zaidi. Wateso hawakuwa na wafalme. Mambo yaliamuliwa katika ukoo na katika etem, yaani majirani waliokaa katika duara moja, na mzee aliyezidisha sauti alijibiwa na mzee mwenzake mwenye mrija katika chungu kile kile. Waingereza walipokuja walitaka mtu mmoja wa kumtumia amri. Mwaka 1909 walimtambua Nabongo Mumia wa Wanga kuwa chifu mkuu, na jamaa zake wakapelekwa kuzitawala jamii ambazo hazikuwajua. Kisha ikaja Sheria ya Machifu ya mwaka 1937. Chini yake chifu aliweza kuzuia pombe, kuzuia mikutano, kuamuru kazi na kukamata watu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, sheria hiyo haikuguswa. Aliyemweka chifu hakuwa kijijini, na waliokuwa kijijini hawakumweka wala hawakuweza kumwondoa. Mchukue mtu mwema yeyote umkalishe katika kiti hicho kwa miaka 15. Lugha yetu husema kwamba atalewa madaraka, na lugha yetu ina busara: pombe inayonywewa dawamu na mtu mmoja, bila ya wenzake kuketi naye, haina wa kumwambia kwamba sasa yatosha.

Rais aliyetawala zama za mlolongo ndiye aliyekuwa akitawala Desemba 1991 kifungu cha 2A kilipofutwa, baada ya watu kupigwa na kufungwa kwa ajili yake. Muda mfupi baadaye kikomo cha mihula 2 kiliingia katika katiba. Mwaka 2002, kikomo hicho kilipofika, Moi alikabidhi madaraka kwa mpinzani aliyemshinda mteule wake, akapanda gari akaenda zake, huku baadhi ya watu wakimzomea na kumrushia matope. Moi wa 1988 na Moi wa 2002 ni mtu yule yule. Hakuokoka wala hakuzaliwa upya katika muda huo. Kilichokuwa kimeongezeka ni uzio.

Sasa msomaji avuke nami tena mpaka, atazame mtu mwingine yule yule. Yoweri Museveni alipoapishwa Januari 1986, vijana wa pande zote mbili za mpaka walimwona kama mkombozi, nao hawakukosea kwa wakati ule. Alisema kwamba tatizo la Afrika ni viongozi wanaong'ang'ania madaraka. Katiba ya Uganda ya 1995 ikaweka kikomo cha mihula 2. Mwaka 2005, alipokikaribia, Bunge likakiondoa. Kilibaki kikomo cha umri wa miaka 75. Mnamo Septemba 2017 wabunge waliojaribu kukitetea walitolewa nje kwa nguvu na maafisa wa usalama walioingia ndani ya ukumbi wa Bunge, na kufikia Desemba nacho kilikuwa kimeondolewa. Waliokuwa wakipinga walivaa vitambaa vyekundu kichwani, na neno lao lilikuwa la Kiganda, togikwatako, yaani usiiguse. Walimaanisha katiba.

Hapo ndipo ninapomjibu mwanasiasa wetu. Anasema kikomo hakimtofautishi mzuri na mbaya. Ni kweli, wala hakikuwekwa kwa kazi hiyo. Museveni wa 1986 alikuwa mzuri kwa kipimo chochote cha wakati ule. Hata Amin wa Januari 1971 aliwapendeza wengi. Wananchi wa Uganda hawakudanganywa na macho yao. Waliona mwembe ukichanua, nao ulichanua kweli. Walichokosa ni njia ya kuuambia mwembe la ulipoanza kuzaa sumu. Tena mwembe haujisifu, haujipandishi cheo, wala haumweki ndani aliyeinua shoka. Mithali zikitungwa majukwaani ni heri zikachunguzwa.

Anayetaka mfano wa mtu mwema katika kiti kibaya amtazame Mwalimu Nyerere. Yeye mwenyewe aliwahi kukiri kwamba katiba ya Tanzania ilimpa uwezo wa kutosha kuwa dikteta. Chama chake kiliwafundisha watu kwamba cheo ni dhamana, naye aling'atuka mwaka 1985 kwa hiari yake. Ninamheshimu kwa hilo. Hata hivyo sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya kuwashtaki, iliyopitishwa mwaka 1962, ilitumika katika zama zake, na waliozuiliwa hawakufarijika kwa kuambiwa kwamba rais ni mcha Mungu. Taifa likitegemea hiari ya mtu mmoja, linaishi kwa bahati.

Sisi Wakenya tumeacha kutegemea bahati, angalau katika maandishi. Katiba ya 2010 imewagawia watu wengi uwezo wa kusema la, na mara kwa mara husemwa. Magavana wa Kiambu na wa Nairobi waling'olewa mwaka 2020 na mabunge ya kaunti zao pamoja na Seneti, ingawa wako wengine wengi ambao walistahili na hawakuguswa, na ugatuzi umeeneza ulevi wa madaraka hadi vijijini sambamba na zahanati. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Rais akawaita majaji wakora, hadharani, katika mkutano wa sokoni. Neno hilo liliniuma, kwa kuwa najua uzito wa neno likitoka mahali pa juu. Lakini lilibaki kuwa neno. Jaji Mkuu David Maraga alirudi kazini Jumatatu, na alistaafu Januari 2021 kwa sababu ya umri wake. Nikimkumbuka Kiwanuka, aliyetolewa mahakamani Kampala mwaka 1972, sioni kwamba tofauti ni ya roho za marais. Nusu karne na uzio mmoja ndivyo vilivyomtenga jaji huyu na yule.

Na uzio hauvunjwi siku moja kwa kishindo. Huanzia pale tunapokubali kwamba miaka 5 ni michache, kwa kuwa huyu aliyepo amejenga daraja. Nilimwambia hivyo yule mzee aliyeniuliza swali mazishini. Alifikiri kidogo, akasema kwamba alipiga makofi kwa sababu mgeni alikuwa amechangia jeneza. Sikuwa na jibu la kumpa. Kasuku wa Ikulu tunawacheka, lakini sisi nasi tuna bei zetu, na mara nyingi ni ndogo kuliko zao.

Mwaka 1997 wabunge wa vyama vyote walikaa pamoja wakakubaliana kurekebisha sheria kadhaa za kikoloni, ikiwamo Sheria ya Machifu. Uwezo mwingi wa kuamuru na kukamata ulikatwa. Yule chifu wetu alikuwa angali kazini, akibakisha miaka michache kabla ya kustaafu. Mwaka uliofuata nilikuwa likizoni nyumbani alipokuja kuhusu ugomvi wa mpaka wa shamba kati yetu na jirani. Kofia ilikuwa ile ile, na fimbo ile ile. Alikuja peke yake kwa miguu. Alipofika kwenye ua alisimama nje, akabisha hodi.

Mama alikuwa uani akipepeta wimbi. Hakuitikia. Chifu akabisha hodi mara ya pili, akangoja, akabisha mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayebisha kwa jirani. Baba alikuwa ndani, naye alinyamaza. Mama aliendelea kupepeta hadi makapi yote yakaisha kwenye ungo, akaumimina wimbi katika kikapu, akajipangusa mikono, kisha akasema, "Karibu."